Kijana yuko gereji: anajifunza, au anapiga msasa tu?

Maswali mengi yanayonifikia siku hizi si ya bei ya rangi wala ya wapi pa kupata bampa la Noah. Ni ya vijana wa ufundi bodi, yaani kunyoosha na kupaka rangi bodi za magari: nani awafundishe, kwa muda gani, na nani alipe wakiharibu. Nimekusanya machache. Majina nimeyaacha, mitaa ya hapa Tanga na jirani nimeiweka.

Shikamoo fundi. Mwanangu kamaliza kidato cha nne, anataka ufundi bodi. Baba yake anasema VETA (chuo cha ufundi stadi), mjomba wake ana gereji Ngamiani anasema aje kwake. Tumpeleke wapi? – Mama, Makorora

Marahaba mama. Chuoni atajifunza kupima, kutumia mitungi ya gesi bila kujilipua, kujua kwa nini jambo linafanywa hivi na si vile, na mwisho atapata cheti chenye ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gereji atakutana na gari lililopinduka njia ya Segera, mwenye nalo kasimama hapo mikono kiunoni anauliza litatoka lini. Chuo hakina mtu huyo, na bila mtu huyo ufundi haukomai.

Mkiweza, aanze chuo, na likizo zote awe kwa mjomba. Ulizeni kwanza kama fani ya bodi za magari ipo kwenye chuo mnachokitaka. Kama haipo, uchomeleaji ni mlango mzuri wa kuingilia. Na kama ada haipo kabisa, aende gereji bila unyonge. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi alioupata mtu nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Wako watu wazima wengi wamepita hapo.

Ila mama, mjomba naye aulizwe maswali. Muandikiane karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa: atakaa muda gani, hela ya kula na nauli atatoa nani, atafundishwa nini mwaka wa kwanza na nini wa pili. Kwa ndugu ndiko karatasi haziandikwi, na ndiko ugomvi unakoanzia.

Fundi, niko mwaka wa pili gereji. Kazi yangu kupiga msasa, kuosha magari na kufuata chai. Nikiomba kugonga bati naambiwa "bado". Nivumilie? – Kijana, Mabawa

Msasa usiudharau. Kiganja cha fundi bodi kinafundishwa na msasa. Lakini kuna kupiga msasa na kuna kufundishwa msasa. Jipime: unajua kwa nini puti, ile ya kujazia mabonde ya bati, inaanza na msasa namba 80, inafuata 180, na 320 ndipo praima (rangi ya chini) iingie? Unajua kwa nini puti haipigwi msasa wa maji, hasa hapa kwetu penye hewa ya chumvi? (Puti inanyonya maji, maji yanakaa juu ya bati, na baada ya miezi rangi inavimba kama upele.) Unajua hadina, ile dawa ya kugandisha, inawekwa gramu mbili hivi kwa kila gramu mia ya puti, na kwamba ukizidisha ili ikauke haraka, doa litakuja kupenya mpaka juu ya rangi? Kama mwaka wa pili huu hakuna aliyekuambia hayo, ndugu yangu, hapo hujifunzi. Wewe ni kibarua wa bei rahisi.

Sasa fanya hivi. Hakuna gereji Tanga isiyokuwa na mlango mbovu umeegemezwa ukutani. Muombe fundi wako huo mlango, na umuombe jioni kazi zikiisha, si saa nne asubuhi wateja wamejaa. Ugonge kwa ngumi upate mbonyeo. Halafu weka kitambaa chembamba chini ya kiganja, pitisha mkono wote taratibu, kuanzia sehemu nzima, kuvuka mbonyeo, mpaka sehemu nzima ya upande wa pili. Usitumie ncha za vidole, zinadanganya. Macho yafumbe ukitaka. Utasikia kuna shimo, na pembeni mwa shimo kuna tuta. Wanafunzi wengi hukimbilia shimo. Wewe anza na tuta: doli (kile kipande kizito cha chuma cha kukinga nyundo) ishikilie kwa nyuma pale penye shimo, nyundo nyepesi igonge tuta kwa mbele, polepole. Tuta linashuka, shimo linapanda lenyewe. Kilichoingia mwisho wakati wa ajali ndicho kinachotoka kwanza.

Sikiliza pia mlio. Nyundo ikikutana na doli moja kwa moja, na bati likiwa katikati, inalia kwa ukali. Ikikosana nayo, mlio unakuwa mzito. Ukigonga sana pale penye mlio mkali, bati linatanuka, linafanya tumbo, ukilibonyeza linaingia na kutoka "pwa! pwa!". Hapo ndipo utajifunza kulirudisha kwa moto: doa dogo tu kama sarafu, lichomwe mpaka liwe jekundu, ligongwe, kisha kitambaa chenye maji. Jambo hilo mwombe fundi asimame karibu.

Ukimaliza, bila kupaka puti, mwite aushike mlango. Fundi anayejua kazi akipitisha mkono pale hatakosa la kusema. Akisema kitu, umepata mwalimu. Akigeuka kwenda zake, muage kwa adabu mwezi ukiisha utafute kwingine. Chumbageni na Mikanjuni kote kuna gereji.

Fundi mwenzangu, nikimfundisha kijana kila kitu si ataondoka na wateja wangu? – Muheza

Ataondoka, ndiyo. Na sisi tuliondoka kwa waliotufundisha. Patana naye mapema: akishaiva, mwaka mmoja afanye kazi kwako kwa malipo ya kila gari, ndipo aende. Anayefichwa huondoka pia, tena huondoka hajui, halafu mtaa mzima unasikia alifundishwa kwako.

Kijana wangu ana miaka 15, tufanye likizo hii akae gereji ajifunze kuchomelea? – Baba, Duga

Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 asiwekwe kwenye kazi ya hatari, hata kama sehemu yenyewe ni chini ya mwembe. Kuchomelea, kupuliza rangi na kuingia chini ya gari lililo kwenye jeki ni hatari, hakuna mjadala. Mlete akae mchana mmoja aangalie, apange spana, achore. Ladha ya kazi ataipata.

Fundi, mdogo wangu anapuliza rangi. Usiku anakohoa na kifua kinabana, Jumapili anapona, Jumatatu usiku kinaanza tena. Anavaa barakoa. Ni vumbi? – Dada, Kwaminchi

Dada, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii wiki hii badala ya wiki ijayo.

Kubanwa usiku baada ya kazi na kupata nafuu siku ya mapumziko ni dalili ya pumu inayoletwa na kazi yenyewe. Kama anapuliza rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina yake, humo kwenye hadina kuna kemikali iitwayo isosianeti. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazojulikana sana za pumu kwa wapaka rangi wa magari dunia nzima. Ubaya wake ni miwili. Haina harufu ya kukuonya. Harufu anayoisikia ni ya thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Na mwili ukishaikataa, hata kidogo sana kinatosha kumbana, hata akisimama tu jirani na anayepuliza.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote hapo. Ile ya vichujio vya mkaa ni afadhali, lakini vichujio huisha nguvu kimyakimya. Kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyotengenezwa kwa kazi ya kupumulia, inayovuta hewa mbali na rangi. Najua bei yake, na najua ni gereji ngapi mjini hapa zinacho. Ndiyo maana nasema mwanagenzi asiguse 2K kabisa. Ajifunzie gani (bastola ya kupulizia rangi) kwa maji kwanza kwenye ukuta, kisha praima na rangi za kawaida za NC zisizochanganywa na hadina, uwanjani, upepo ukimtoka mgongoni kwenda mbele, glovu mikononi. NC nayo si maziwa, thina yake inalevya na kuumiza, lakini haina hiyo isosianeti. Na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli.

Mdogo wako aache kupuliza leo, siyo mwisho wa mwezi. Aende hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu, na amweleze daktari kwa kinywa chake: "Napuliza rangi ya magari." Asipolisema hilo atapewa dawa ya kikohozi atarudi nyumbani. Kunyoosha bati anaweza kuendelea nako, ila mbali na sehemu ya rangi.

Nimeletewa IST ya ajali, imepigwa mbele na mifuko ya hewa imefyatuka. Wanafunzi wangu watatu wanataka kuifanya. Niwaachie nini? – Fundi, Pongwe

Kwanza hakikisha polisi wamelikagua na mwenye gari ana karatasi zake. Na kama bima inahusika, picha zipigwe kabla hujalegeza hata bolti. Hilo lenyewe ni somo, wafundishe.

Pili, kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa, waya wa hasi wa betri utolewe na msubiri dakika kadhaa, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa unatunza umeme kidogo hata betri ikishatoka. Waonyeshe waya za njano: hizo mwanafunzi hapimi kwa taa, hakati, haungi. Mifuko iliyofyatuka na mikanda iliyokaza wakati wa ajali inabadilishwa. Kuna watu hapa mjini wanaweka rezista kwenye waya ili taa ya onyo ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi izime, wanaziba usukani kwa kava, gari linauzwa. Anayemfundisha kijana hilo kamfundisha wizi, na siku moja atazikwa mtu.

Tatu, kupima. Waachie wanafunzi kazi hii yote, ni nzuri na haina hatari. Boneti ikishatoka, mmoja ashike tepu kwenye kikombe cha shokapu ya kushoto (pale juu shokapu inapofungwa kwenye bodi), mwingine aivute mpaka bolti ya mbele kulia. Waandike. Kisha kinyume chake, kulia nyuma mpaka kushoto mbele. Namba mbili hizo zilingane. Zikipishana zaidi ya milimita tatu hivi, pua imekwenda upande, na hakuna boneti mpya wala taa mpya itakayokaa sawa. Nimeona watu wanatanua matundu ya bolti kwa faili ili madigadi ikubali. Mwenye gari anakuja kugundua baadaye tairi linaliwa upande mmoja.

Kuvuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe, sitajifanya hakupo. Lakini avute fundi, wanafunzi wakae kando, mbali na njia ya mnyororo, na blanketi zito litupwe juu yake, maana ukikatika unarudi kama risasi. Vuteni kidogo, pimeni, vuteni tena. Na moto wa gesi usitumike kulainisha nguzo za bodi za magari ya kisasa. Sehemu nyingi ni chuma kigumu cha kazi maalumu; ukikichoma kikawa chekundu ugumu unapotea, na kwa macho kitabaki vilevile. Nguzo ya kati ikikunjika, inabadilishwa. Moto wa gesi ya kabaidi uliwatosha wazee wetu kwa sababu magari yao yalikuwa bati laini tupu.

Madigadi, boneti na bampa: hapo waachie.

Mimi ni msichana, gereji mbili zimenikataa wamesema kazi nzito. Kweli? – Raskazone

Mlango wa gari hauinuliwi na mtu mmoja gereji yoyote yenye akili. Kuchanganya rangi mpaka ilingane na ya gari kunataka jicho na subira, na nyundo ya bodi haifiki uzito wa mchi wa kinu. Usiende kuomba "kazi", nenda na mzazi uombe kufundishwa kwa karatasi, na kabla ya kukubali uliza choo kiko wapi na nani hubaki gereji jioni. Wakijikanyaga kwenye majibu hayo mawili, endelea na ya tatu.

Masika haya kila mwanafunzi wangu akipuliza, rangi inakauka na ukungu mweupe. Kosa ni la gani ya kupulizia? – Fundi, Gofu

Gani yako ni nzima. Thina ya haraka ikiruka hewani inapoza bati, na hewa ikiwa na maji mengi unyevu unaganda juu ya rangi kabla haijakauka. Tumia thina ya polepole, mimina maji yaliyojikusanya kwenye tangi la kompresa kila asubuhi, na pulizeni kati ya saa nne na saa tisa, bati likiwa limepata joto. Jioni mvua ikinukia, achaneni nayo. Koti (tabaka la rangi) lililokwishapata ukungu mara nyingi hurudi kwa kupuliziwa thina ya polepole kiasi kidogo juu yake siku kavu. Likikataa, msasa wa 800 na maji, kisha mwanafunzi arudie.