Maneno ya Kihispania hayakai kichwani? Mimi niliokolewa na kasa

Mkuu, umeuliza kama kufananisha maneno ya Kihispania na ya Kiswahili ni kujifunza au utoto, na kama hakutakuchelewesha wakati wa kuzungumza. Si utoto. Mbinu yenyewe ni kutafuta neno la Kiswahili linalosikika karibu sawa, kisha kuziunganisha maana mbili kwa picha ya kichwani. Watafiti Atkinson na Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliijaribu mwaka 1975 kwa Kihispania na Kirusi, na walioitumia walikumbuka maneno mengi zaidi. Mimi niliikimbilia baada ya kukariri orodha mwezi mzima na kuambulia salamu tu.

Neno la kwanza kuninasa ni casa, nyumba. Kasa huogelea na nyumba yake mgongoni, sikulikariri tena. Vaca ni ng'ombe, na v yao husikika kama b, basi nikamwona ng'ombe mwenye mabaka. Cama, kitanda, ndiyo iliyonitoa jasho: "kama" utaichora vipi? Ukikosa kitu cha kuonekana, usilazimishe.

Halafu kuna ndugu wa damu, hao hawahitaji kisa. Mesa na meza, bandera na bendera: yetu tuliachiwa na Wareno. Azúcar na sukari, aceituna na zeituni, yote yamepitia Kiarabu, maana Waarabu walikaa Hispania karne nyingi. Hata hasta, yaani "mpaka", imetoka kwenye hatta ya Kiarabu, ileile iliyotupa "hata" yetu. Siku nilipogundua hilo nilicheka peke yangu.

Kilichoniponza ni pato, ambaye ni bata. Nilimchora bata anayetaga noti, pato la mwezi. Kwenye kusoma, safi kabisa. Siku ya kuzungumza nikamtafuta ndege huyo, mdomo ukatoa "bata", na bata kwao ni joho la kuvaa nyumbani! Mwenzangu alibaki kunikodolea macho. Picha yangu ilijua kutoka Kihispania kuja Kiswahili. Njia ya kurudi haikuijua. Tangu hapo najipima pande zote mbili: nafunika neno, natazama maana, natamka kwa sauti pamoja na el au la yake (vijineno vinavyotangulia nomino, el ya kiume na la ya kike). Hatua hii wengi huiruka, kisha wanailaumu mbinu.

Vitenzi mimi huvitungia sentensi tu, visa havikunisaidia sana.

Kuhusu kuchelewa, ni kweli wiki za mwanzo utasitasita. Lakini siku hizi nikisikia casa simwoni kasa hata kidogo, naona mlango na paa.