Klachi ya Pikipiki ya Theluji ya Zamani: Kuitambua na Kubadilisha Sehemu Zake

SWALI: Ndugu Fundi, nimepata pikipiki ya theluji ya mwishoni mwa miaka ya 1980 iliyopita mikononi mwa watu wengi, na hakuna aliyeniachia kitabu chake. Klachi inaposhika, mashine hushtuka kwa nguvu, na nikiifungulia mafuta yote mizunguko ya injini hupanda, hushuka, kisha hupanda tena pasipo mwendo kuongezeka. Ninayo klachi ya pili, iliyotoka kwenye mashine ya kampuni nyingine, na springi yake ina rangi ileile kama ya kwangu. Je, naweza kuhamisha springi na vyuma vya uzito, au hata klachi nzima? Na nitajuaje kuwa niliyo nayo ni ya aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi za springi hizo mbili zisikudanganye. Kila mtengenezaji alikuwa na utaratibu wake wa rangi, hivyo nyekundu ya Polaris haina uhusiano wowote na nyekundu ya Ski-Doo, na rangi yenyewe hubabuka kwa joto hadi likabaki doa dogo tu kwenye mzingo mmoja. Wala usilitegemee sana jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine. Katika umri huo huenda klachi ilishabadilishwa zamani, na hata zilipokuwa mpya si kila kampuni ilifunga klachi iliyoitengeneza yenyewe: klachi ya Comet 102C, kwa mfano, ilitumika kwenye mashine za Arctic Cat na za John Deere pia. Klachi hutambuliwa kwa umbo lake na kwa namba zilizogongwa juu yake.

Mfumo wenyewe una puli mbili na mkanda mmoja. Puli ya mbele imekaa kwenye ncha ya krenki. Ndani yake mna vyuma vya uzito ambavyo hufunguka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, vikaisukuma sahani inayosogea ili iubane mkanda, huku springi ikivipinga. Puli ya nyuma ina springi yake na kamu yenye mteremko, na kazi yake ni kuusoma mzigo ulio kwenye mnyororo wa mpira unaoisukuma mashine juu ya theluji, na kuurudisha mkanda kwenye gia ya chini pale mashine inapolemewa. Kwa hiyo anayetafuta kasoro kwenye puli ya mbele peke yake anaitazama nusu ya habari.

Anza na puli ya mbele ikiwa bado ipo mahali pake. Futa vumbi la mkanda kwa kitambaa kikavu, kisha tazama kifuniko: hesabu bolti zake, angalia kama kina skrubu za kurekebishia, na utafute namba ya kipuri. Klachi ya Ski-Doo ya aina ya TRA hujitambulisha yenyewe, kwa kuwa ina virekebishi vyenye nafasi 1 hadi 6, na kila hatua hubadilisha mizunguko ya juu kwa takriban 200 kwa dakika. Kwenye klachi nyingi za Yamaha vyuma vya uzito vina matundu ya kupigiliwa ribiti ndogo za kuongeza au kupunguza uzito. Klachi ya Polaris ya P-85 ina vyuma vitatu vilivyogongwa namba na herufi. Namba hizo za zamani ni jina la umbo la chuma, si gramu, kwa hiyo tumia mizani ya kupimia gramu badala ya kukisia. Umbo lenyewe pia lina neno lake, maana vyuma viwili vyenye uzito sawa lakini vyenye mgongo uliopinda tofauti havitafanya kazi sawa.

Dalili ulizozitaja zinanifanya nishuku uchakavu kabla ya kushuku kwamba mtu alifunga sehemu zisizolingana. Mashine ikiwa imezimwa, ishike sahani inayosogea na uitikise: ikicheza waziwazi juu ya shafti yake, bushi zimekwisha, na springi mpya haitaziponya. Ukishafungua kifuniko, kichukue kila chuma cha uzito na upitishe ukucha polepole kwenye upande unaosuguana na rola, yaani kigurudumu kidogo ambacho chuma hicho hukisukuma. Upande huo unatakiwa uwe laini bila kukatika. Ukucha ukizama kwenye kibonde, hata kidogo, hapo ndipo rola hukwama na kuachia ghafla, na ndiko huko kushtuka unakokuona. Kisha zungusha kila rola kwa kidole. Rola nzima huzunguka bila kusita; iliyochakaa ina sehemu bapa unayoweza kuihisi, na bushi yake huifanya iyumbe upande. Tazama pia pini za vyuma vya uzito, na vitufe vya plastiki vilivyo kwenye kiunzi cha katikati chenye mikono mitatu, maana vikilika sahani hujipinda kidogo kila mafuta yanapofunguliwa.

Usifungue kifuniko kwa haraka. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, tafuta alama za kiwandani, ambazo aghalabu ni herufi au mishale inayopaswa kuelekeana, na zisipoonekana weka zako kwa kalamu ya rangi. Klachi ilisawazishwa kiwandani ikiwa nzima, nayo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kifuniko kikirudishwa upande usio wake, mtetemo utafika hadi kwenye beringi za krenki. Springi iliyo nyuma yake imebanwa, kwa hiyo toa bolti mbili zinazoelekeana, weka ndefu mahali pake, na uzilegeze taratibu kwa zamu baada ya nyingine zote kutoka.

Kuing'oa puli nzima kunahitaji pula (kifaa cha kung'olea) iliyotengenezwa kwa ajili ya klachi hiyohiyo, ile inayofungwa kama bolti ndefu na kuisukuma ncha ya krenki. Pula ya kucha inayoshika kingo za sahani huzipinda, na nyundo ina mahali pengi pa kutumika isipokuwa hapa. Wapo wanaoizuia injini isizunguke kwa kuingiza kamba kwenye silinda. Kwenye injini ya mipigo miwili kamba hiyo inaweza kunaswa kwenye tundu la ekzosi, hivyo ni heri kifaa cha kuishikia puli. Wakati wa kurudisha, mchongoko wa krenki na tundu la puli viwe safi na vikavu kabisa, bila mafuta wala grisi, kwa kuwa kinachoishikilia puli ni mshikano wa nyuso hizo mbili. Bolti ikazwe kwa spana ya kupimia kwa kipimo kilichotolewa kwa klachi hiyo.

Sasa nije kwenye kuhamisha. Springi za kisasa hutajwa kwa namba mbili, tuseme 120/300, yaani ratili za nguvu pale mkanda unapoanza kushikwa na pale puli inapokuwa imejifunga yote. Namba ya kwanza ikiwa kubwa, klachi hushika kwa mizunguko ya juu zaidi. Ya pili ikiwa kubwa, mizunguko ya juu kabisa hupanda. Vyuma vizito zaidi huishusha mizunguko hiyo, na vyepesi huipandisha. Springi ya klachi yako ya pili inaweza hata kuingia mahali pake vizuri, lakini ikitofautiana urefu huenda mizingo yake ikagusana kabla ya puli kufunga, na mashine isifikie mwendo wake wa juu. Vyuma vya uzito vya kampuni nyingine usivihamishe kabisa, hata pini zikilingana.

Kuhusu klachi nzima, ni lazima mambo kadhaa yalingane kwa pamoja: mchongoko wa krenki, uzi wa bolti, upana na pembe ya mkanda, na mstari wa puli ya mbele na ya nyuma. Mchongoko ukitofautiana hata kidogo tu, puli itaonekana imekaa, kisha italegea na kuila krenki. Kwa maoni yangu, kutengeneza klachi uliyo nayo kwa bushi, rola na vyuma vipya ni njia iliyo salama zaidi kuliko kuifunga hiyo ya pili.

SWALI: Mafundi wawili wameniambia nianze na mkanda. Je, mkanda unaweza kweli kubadilisha namna klachi inavyoshika?

JIBU: Unaweza, na wamekushauri vizuri. Mkanda uliopungua upana kwa milimita mbili huilazimu sahani ya mbele isogee mbali zaidi kabla ya kuugusa, na kwenye puli ya nyuma huzama chini, hivyo mashine huondoka kwa gia ya juu kuliko inavyopaswa. Pima upana wa juu kwa kalipa na uulinganishe na wa mkanda mpya wa namba hiyohiyo. Usiwashe injini na kuipandisha mizunguko bila mkanda kwa nia ya kuitazama klachi ikifanya kazi. Vyuma vya uzito vitafunguka bila kizuizi na kuiumiza. Mkanda ukiwepo, kinga ya klachi nayo iwepo.

SWALI: Puli yangu ya nyuma ina matundu kadhaa ya kuchomekea springi. Nitumie lipi?

JIBU: Rudisha springi kwenye tundu ulilolikuta, baada ya kuliandika. Kuikaza kwa tundu moja huongeza mbano wa mkanda, huchelewesha puli kupanda gia, na huinua mizunguko. Namba iliyogongwa kwenye kamu ni nyuzi za mteremko wake: mteremko mkali huipandisha puli gia haraka na kuishusha mizunguko. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, kwenye theluji ya aina moja, klachi ikiwa imeshapata moto, na uandike kipima mizunguko kilisoma ngapi ulipofungua mafuta yote. Kama mashine imehamishwa kutoka uwanda wa chini hadi milimani, anza na vyuma vya uzito vya mbele badala ya tundu hilo, kwa sababu injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na vyuma vilivyoifaa bondeni vitakuwa vizito mno kwake.