Ruzuku kwa kikundi kidogo cha haki mtaani
Unauliza kama kikundi chenu cha kupinga ubomoaji kinaweza kupata ruzuku bila usajili. Kinaweza, ndugu, ila pesa itapitia asasi mwenyeji, yaani shirika lililosajiliwa linalowapokelea ruzuku, na mara nyingi hao hukata asilimia fulani kwa gharama zao za uendeshaji. Kubalianeni kwa maandishi mapema! Kwa hapa Kenya mimi ningesajili tu: sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Kama akina mama ndio wanaongoza na wanatishwa, jaribuni Urgent Action Fund-Africa, mfuko wa kusaidia wanawake watetezi wa haki, una ruzuku za dharura. Na risiti msitupe, hata ya kukodi viti na spika. Mfadhili huuliza mapema watia sahihi wa akaunti yenu ya benki ni akina nani.