Maswali ya Wasomaji: Anasoma bila kukwama, ukimuuliza kasoma nini hajui

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi nafundisha bailojia. Wanafunzi wangu kusoma kwa sauti wanasoma vizuri tu, hata maneno magumu hawakwami, ila ukiwauliza aya inasema nini wanakukodolea macho au wanakusomea tena sentensi ileile kama ilivyo. Nikaenda semina tukaambiwa tutumie michoro ya kupanga mawazo, nikachora ule wa buibui, duara katikati na miguu pembeni, wakaujaza fasta na nikafurahi kweli. Mtihani kuja, wamefeli vilevile. Nimekosea wapi, au hii michoro ni mapambo tu?

JIBU: Pole na kazi mwalimu mwenzangu, na tafadhali usiitupe hiyo michoro. Sio mapambo. Lile jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipotoa ripoti yake mwaka 2000 liliitaja michoro ya namna hii kati ya mbinu 7 za kufundisha ufahamu ambazo zina ushahidi wa kutosha, kwa hiyo mbinu yenyewe haina shida. Shida naiona hapo uliposema umechora ule wa buibui, yaani mchoro umeuchagua wewe kabla ya kuangalia andiko lenyewe limejengwaje, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, mimi pia nimeteleza hapo miaka mingi.

Chukua somo la mzunguko wa damu. Niliwahi kuwapa darasa langu buibui kama wako, katikati MOYO, miguuni wakaandika mapafu, oksijeni, mishipa, vali, vyumba vinne, yote sahihi kabisa, nikaweka tiki. Halafu nikamuuliza binti mmoja aliyejaza vizuri kuliko wote, damu ikishatoka kwenye mapafu inaenda wapi? Akaangalia mchoro wake juu, chini, pembeni, akanyamaza. Na hakuwa mzembe jamani, mchoro wenyewe ndio haukuwa na hilo jibu! Buibui anakusanya vitu, hasemi kipi kinatangulia kipi. Lile andiko lilikuwa linasimulia safari, na safari inataka mishale.

Kesho yake tukafuta tukaanza upya, mwili mzima, mshale, chumba cha juu kulia, mshale, chumba cha chini kulia, mshale, mapafu, mshale, chumba cha juu kushoto, chumba cha chini kushoto, halafu mwilini tena. Kila mshale nikawataka waandike juu yake neno la kitendo, inaingia, inasukumwa, inachukua oksijeni, inarudi. Walipofika kwenye mapafu wakaanza kubishana kama damu inaenda moja kwa moja mwilini au inarudi kwanza kwenye moyo, wakafungua kitabu wenyewe kutafuta. Nikuambie ukweli, ule ubishi ndio kusoma kwenyewe, kwa sababu mtoto karudi kwenye aya akiwa na swali lake mwenyewe.

Hayo maneno juu ya mishale usiyadharau. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, walioanzisha ramani za dhana, yaani michoro inayounganisha mawazo kwa mistari, miaka ya 1970, walisisitiza sana kwamba mstari unaounganisha dhana mbili uwe na maneno. Mstari mtupu unaweza kumaanisha chochote, mwanafunzi ataunganisha jani na mwanga halafu atasonga mbele bila kujua mwanga unafanya nini pale.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote wasomeshe aya mara moja, kalamu chini, waulize mwandishi hapa anafanya nini, anasimulia hatua, analinganisha, anaeleza sababu, au anagawa vitu kwa aina? Wafundishe kuwinda maneno yanayomfichua, kama kwanza, kisha, baadaye, au tofauti na, ilhali, au kwa sababu, hivyo, matokeo yake. Wakishajua, mchoro wanauchagua wao. Mwanzoni watakosea, waache wakosee, mchoro usiofaa utawagomea wenyewe katikati ya kazi.

SWALI: Mimi ni wa historia, aya zangu nyingi ni za sababu na matokeo. Nawapa boksi tano za sababu na moja la matokeo. Inatosha?

JIBU: Inategemea unafanya nini na hizo boksi. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia watajaza miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, uzalendo uliopitiliza, tamaa ya makoloni na kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, pale Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, boksi tano sawasawa kwa ukubwa. Lakini haziko sawa! Yale manne ni kuni zilizorundikwa muda mrefu, mauaji ni cheche. Waambie wachore kuni mahali pake na cheche mahali pake, halafu kila mmoja aandike sentensi tatu kueleza kwa nini kaweka hivyo. Bila hizo sentensi anabaki na orodha tu iliyozungushiwa boksi.

SWALI: Ile jedwali ya safu tatu, Najua, Nataka kujua, Nimejifunza, ambayo mwanafunzi anaijaza kabla na baada ya kusoma, bado inafaa au imepitwa na wakati?

JIBU: Inafaa sana, Donna Ogle, mtaalamu wa usomaji wa Marekani, aliitoa mwaka 1986 na mimi naitumia mpaka leo. Ila usiiache safu ya kwanza bila kuirudia. Mtoto akiandika Najua popo ni ndege, na kitabu kimesema popo ni mamalia, ananyonyesha, mwisho wa kipindi arudi akate mwenyewe kwa kalamu na aandike pembeni ni sentensi ipi iliyomfanya abadilishe. Asifute, akate, ili aone alipotoka.

SWALI: Mimi ni mzazi, sio mwalimu. Mwanangu anarudi na daftari limejaa michoro mizuri ya rangi. Nitajuaje kama kaelewa?

JIBU: Mama, funika maandishi yote ya kitabu, muachie mchoro tu, mwambie akusimulie somo lote kama vile wewe hujawahi kulisikia. Akiweza kutoka boksi moja hadi lingine kwa sentensi zake, kaelewa. Akianza kukusomea neno mojamoja, mapafu, mishipa, vali, basi msirudie kuchora, rudini kwenye aya mkaisome pamoja taratibu, kila mnapofika kwenye "kwa sababu" au "kisha" msimame muulizane.