Mizani imegoma kwenye kilo 84

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mwanamme wa miaka 51, Chake Chake. Nina kisukari, natumia metfomini na glibenklamidi. Kwa miezi minane nimeshuka kutoka kilo 92 hadi 84, na sukari ya asubuhi kabla ya kula imetoka 9.1 hadi 6.4 (mmol/L). Sasa mwezi wa pili mizani haisogei, na jamaa wanasema nimekongoroka. Nimekwama? Dawa niache?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Hukukwama. Umepunguza karibu asilimia 9, na faida huanza hata kwenye asilimia 5. Mafuta yaliyojazana kwenye ini ni ya mwanzo kupungua. Ini lenye mafuta haliisikii insulini, homoni ya kushusha sukari, hivyo humwaga sukari usiku kucha ingawa umelala na njaa. Ndiyo maana kipimo chako cha asubuhi kimeteremka.

Mizani imesimama kwa sababu mwili wa kilo 84 unatumia chakula kidogo kuliko wa 92, na njaa nayo huzidi. Kuzishikilia hizo 84 ndiyo kazi yenyewe. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, karibu nusu ya waliopunguza uzito kwa mpango maalumu walikaa bila dawa baada ya mwaka. Baada ya miaka miwili walibaki kama thuluthi tu, na waliorejewa na kisukari wengi walikuwa wamerudisha kilo.

Tazama chai kwanza. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni vijiko 12, karibu gramu 50 za sukari kwa siku. Kisha muhogo wa tui zito: tumia tui la pili, na nafasi iliyobaki sahanini ijae samaki na mchicha. Samaki na choroko husaidia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Dawa usiache mwenyewe, lakini nenda kliniki wiki hii, usingoje Ramadhani. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hukula, na dozi ya kilo 92 yaweza kukuzidi sasa, sukari ikashuka mno. Ukitoka jasho, ukitetemeka, moyo ukienda mbio, pima sukari. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Mara nyingi daktari hupunguza glibenklamidi kwanza, metfomini huiacha iendelee.

Jamaa waambie umepungua kwa kujibana. Kilo zikishuka bila kujibana, na kiu na mkojo vikazidi, hapo rudi haraka.