Klachi inayoteleza kwenye pikipiki ya Suzuki GSX-R750 ya 1996
Badilisha pleti za msuguano pamoja na springi, na agiza kwa namba ya fremu, usifananishe kwa macho dukani. Wengi huziacha springi. Zikishafupika kupita kipimo cha kitabu cha mtengenezaji, hata pleti mpya zitateleza. Pleti za chuma zisipopinda wala kugeuka bluu kwa joto, zirudishe kwenye klachi. Mimi ni fundi hapa Dodoma, na pikipiki kubwa nyingi ninazofungua zimewekewa oili ya gari, ambayo huweza kuifanya klachi iteleze. Tafadhali weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki), na uziloweke pleti mpya humo kabla ya kufunga. Ila kama kikombe cha klachi, kile kinachobeba pleti, kimechimbika pale pleti zinapogonga, klachi itanasa hata ukibadilisha vyote.