Mtoto hapendi kusoma? Mimi nilianza na Emil na pini yake

Mkuu, umeuliza kitabu cha upelelezi kwa mtoto wa miaka tisa anayekimbia vitabu kama dawa ya minyoo. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Kilichomkalisha chini ni "Emil und die Detektive" (yaani Emil na Wapelelezi) cha Erich Kästner, kilichotoka Ujerumani mwaka 1929. Nilikuwa na nakala ya Kiingereza ya mtumba, jalada limeshikwa na gundi, nikawa namsomea usiku huku natafsiri papo hapo.

Emil Tischbein hana baba, mama yake anatengeneza watu nywele pale pale nyumbani. Anapanda treni kwenda Berlin na marki 140, pesa za Kijerumani za wakati huo: 120 za bibi, 20 zake mwenyewe. Njiani anaingia chooni, anazibana noti kwa pini kwenye bitana ya koti. Usingizi unampitia, akiamka pesa hakuna, na yule bwana mwenye kofia ngumu aliyekaa naye behewani na kumpa chokoleti hayupo.

Mwanangu akauliza mara moja: si aende polisi? Hawezi. Kule kwao aliwahi kuichorea sanamu ya mkubwa mmoja masharubu na pua nyekundu, anaogopa atakamatwa yeye. Dogo alicheka, akanyamaza. Nadhani na yeye ana sanamu yake mahali.

Sasa lile la pini. Mwishoni wako benki, mwizi anasema noti ni zake, na noti hazina jina la mtu. Nikafunga kitabu hapo, nikamwambia kalale. Asubuhi nakuta elfu moja yangu imebanwa kwenye sweta lake la shule. Anaichomoa, anaiinua dirishani: "Baba, ina matundu!" Ndivyo hasa Emil anavyothibitisha, na keshia anaziangalia noti kwenye mwanga.

Hapo ndipo penye utamu wake. Vitabu nilivyonunua kabla, mwishoni anatokea mjomba na siri ambayo msomaji hakuwahi kuonyeshwa, mtoto anajiona kaibiwa. Kwenye hiki cha Emil, pini umeionyeshwa tangu kwenye treni.

Sura ya ndoto ndani ya treni niliifupisha, ilimchosha.

Halafu kuna kundi la watoto wa Berlin wanaomsaidia: Gustav na honi yake, Profesa anayepanga kazi, na mdogo mmoja anaitwa Dienstag, yaani Jumanne. Wajerumani labda walicheka hilo jina. Mwanangu hata hakushtuka, ana Jumanne wawili darasani. Wenzake wakimfukuza mwizi mitaani, Jumanne anabaki nyumbani karibu na simu, apokee taarifa, hata kama anatamani kwenda.

Siku hizi wakicheza na binamu zake, kila mtu anataka kuwa Gustav. Wangu anang'ang'ania Jumanne, maana ndiye mwenye ruhusa ya kukaa na simu yangu.